Mukono ya Muhunzi Haisikii Moto

Lubunga, Kisangani, siku ya Jumanne

Kwako ndugu yangu mudogo Hamadi, huko Kindu,

Nakusalimia wewe, mama Safi, na wote wenye kulala chini ya bati yako. Mugongo wako unaendelea namna gani? Mimi ningali nasimama. Magoti inalia, lakini nyundo nainua. Ukisikia mutu kule anasema Sefu amezeeka, muambie akuje anioneshe muhunzi mwingine mwenye anatoa jembe kumi kwa siku moja, kwa chuma ya reli ya zamani. Hayuko.

Naandika kwa mukono yangu mwenyewe, ni siku ya tatu sasa. Nilisoma miaka mbili kwa mapadri na mumoja kwa mwalimu wa Kurani, na hiyo inatosha kwa mutu mwenye akili. Utauliza kwa nini sikupiga telefone. Nilipiga mara mbili, ukaitika, nikakuuliza habari ya mvua. Ndiyo sababu naandika.

Habari ni ya mutoto wako Safi. Yuko muzima, usisimame. Miaka ine tangu ulinipa akae kwangu asome, na amesoma. Kwa hesabu anapita walimu wake. Kitanda yake iko nyuma ya pazia, karibu na yangu. Ananipikia, na jioni anavuta mavukuto ya kupuliza moto nikichoka, ingawa sichoki sana.

Mwezi wa kenda aliungua mukono. Aliinua sufuria toka kwa makaa bila kitambaa, akaitembeza mpaka mezani, akaiweka, akaendelea kuimba. Hakujua kama ameungua. Nilimupaka majivu. Kisha siku kadhaa Mama Clothilde akaona kidonda. Unamujua, ule mujane Mugenia, wa kabila ya wavuvi, mwenye alikuwa anauza samaki ya moshi mbele ya kiwanda yangu, mwenye mudomo mukali. Alisema kidonda kinanuka, na kidole kidogo cha mutoto kimeanza kujikunja kama cha mutu anaficha kitu. Nikamujibu kama kidonda ya watu wa nyundo inapona yenyewe. Akasema mbele ya wateja kama hata samaki wake, wenye wamekufa na kukauka, wanajua moto kuliko Papa Sefu na nyumba yake. Watu wakacheka. Akamushika Safi, akapanda naye pirogi, wakavuka muto mpaka kituo cha afya.

Bon. Kule kuko infirmier mumoja, muuguzi, jina Henri, kijana wa shati nyeupe. Siku ya pili aliniita nami. Kwa mukono ya Safi kulikuwa mabaka mbili zenye kupauka. Mimi nilizoea kuziita za jua. Alimwambia mutoto afunge macho, akamugusa na uzi ya pamba, hapa na pale, na yeye aoneshe na kidole mahali ameguswa. Kwa ngozi nzima alionesha. Kwa mabaka hakuonesha kitu. Aliketi tu, macho amefunga, anangoja aguswe, na uzi ilikuwa inamugusa.

Henri akasema ni ukoma. Maba, kama tunaita hapa. Nikamwambia tangu babu zetu walifika na misafara, kwa ukoo yetu mukoma hayuko. Akanieleza na heshima: ukoma si laana wala damu ya ukoo, ni mikrobe, tena mikrobe muvivu, inazaa polepole, inaweza kukaa ndani ya mutu miaka tano au kumi bila kujionesha, ikikula mishipa ya kusikia maumivu. Haipiti kwa samaki, wala kwa kupeana mukono njiani. Inapita kwa pumzi na matone ya pua, ukikaa muda murefu karibu na mutu mwenye hajakunywa dawa. Donc, basi, akauliza: kwenu nyumbani ni nani?

Nikasema hakuna. Nikasema labda Clothilde, anakohoa.

Wakamupima Clothilde mwili muzima. Hana kitu. Lakini neno ilivuka muto mbele yake. Wiki mbili samaki yake ilibaki kwa meza, halafu akahamisha meza. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Hamadi, nimechoka, na bado sijasema.

Unajua watu wanatoka mbali kunitazama nikishika kaa la moto na vidole viwili, niwashe sigara ya muteja. Nilisema ni ufundi. Miaka tatu nyuma, wapimaji wa ukoma walipita hapa Lubunga. Walinikata kidogo kwa ncha ya sikio, wakapaka kwa kioo, wakatia rangi, na mwenye mikroskopi akaniita niangalie. Niliona vifimbo vyekundu, vimelala pamoja kama kuni za kufungwa. Akasema hivi vyote ni vyako. Wakanipa dawa ya mwezi mumoja, bure, na zingine za kufuata mpaka mwaka uishe. Siku ya kwanza mukojo yangu ilitoka nyekundu. Nikajiuliza nani atanunua jembe kwa mukoma. Dawa nilitupa mutoni. Walipokuja kunitafuta, niliwaambia Sefu alihamia Kapalata.

Na hiyo si yote. Siku ya sufuria nilikuwa pale. Nilimuona mutoto anabeba moto na anaimba, na nilijua palepale, maana wale wapimaji waliniambia hivi ndivyo inaanza. Nikapiga makofi. Nikasema huyu ndiye mutoto wa wahunzi, mukono hii imetoka kwangu. Alifurahi sana, Hamadi. Kesho yake akainua sufuria ingine ya moto, ili nimusifu tena.

Wiki iliyopita nilivuka mwenyewe, nikamwambia Henri. Aliandika jina yangu kwa daftari. Sasa tunakunywa dawa wote wawili, Safi miezi sita, mimi mwaka. Anasema kwa dawa hii siambukizi mutu tena. Kile kidole, labda kitanyooka, labda hapana. Kwa Clothilde nilienda kwa meza yake mpya, nikasema mbele ya watu kama mwenye maba ni mimi. Akanifungia samaki moja, akapokea pesa, hakuniangalia.

Safi nilimwambia kwanza, mbele ya kukuandikia wewe. Aliuliza neno moja tu, kama nilijua ile siku. Nikasema ndiyo. Chakula ananipikia bado. Akiisha kuniwekea, anaenda kukaa nje.

Ukitaka kumuchukua, kuja, sitafunga mulango. Na wewe mwenyewe, uliyelala chumbani kwangu mwezi wote wa Ramazani, nenda waangalie ngozi yako na mama Safi pia. Usifanye kichwa kigumu. Kwa ukoo yetu kimoja kimetosha.

Salimia majirani, salimia wazee wa musikiti, na Mungu awalinde wote. Nilitaka kukuomba usimusomee mama Safi mahali pa sufuria. Hapana. Musomee.

Ni mimi yaya yako, ndugu yako mukubwa,
Sefu, muhunzi