Matundu ya Jezi ya Akinyi

Jumatatu, 3 Machi
Sare za shule tena. Kola kumi na mbili kabla ya chai. Kisha akaingia mume wa Akinyi na jezi kwenye mfuko. Akinyi ni yule kipa wa mpira wa magongo, Mkenya, kacheza kwa mshahara miaka kumi na tisa, Ulaya na hapa kusini mwa Afrika. Amestaafu. Jumamosi klabu yake inaitundika jezi ukutani, ndani ya fremu. Kazi yangu ni kuishonea kwenye kitambaa cha nyuma, basi. Nimeikunjua. Matundu saba! Doa la kahawia kifuani. Namba inaning'inia kwa uzi mmoja. Mtu mashuhuri atundikwe kama dekio? Aibu.

Jumanne, 4 Machi
Nguo haitoki kwangu ikiwa imechanika. Marehemu mama, aliyenifundisha kushona kule Bukavu, angenichapa rula. Nimeziba matundu yote saba, namba nimeikaza. Doa nimeliloweka kwa ndimu na chumvi, limetoka. Pasi. Mshono hauonekani hata ukitafuta. Mimi ni fundi, jamani.

Jumatano, 5 Machi
Mume wake amekuja. Ameishika jezi, ameigeuza, amekaa bila kukaribishwa.
"Mama Neema, sasa umefanya nini?"
Doa lilikuwa damu. Kwenye fainali mpira ulimpasua kidevu, akacheza hadi mwisho. Kiwiko kilichanika akizuia penalti. Namba waliivuta wenzake wakimshangilia. Watu wanakuja Jumamosi kuyaona hayo matundu. Majuto ni mjukuu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefumua kiwiko. Tundu limetoka limenyooka kama la kifungo. Kipa gani anaanguka hivyo? Nimeshona tena. Kwa lile doa nimewaza damu ya kuku. Binti yangu Neema akasema, "Eish, Mama. Hapana." Kiherehere changu kitaniua.

Ijumaa, 7 Machi
Akinyi mwenyewe kaja. Mrefu, aliinama mlangoni.
"Dada, naomba pardon," nikaanza.
Akacheka mpaka akashikilia cherehani. Halafu akaivaa jezi, akamtuma Neema viazi kwenye kiduka cha spaza, akatoka nje hadi kwenye kokoto za jirani muuza matairi. "Nirushie," akamwambia. Neema akarusha. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili anarukia viazi! Mtaa wetu wote wa Jules Street ulisimama, teksi zikipiga honi. Cha tano akakidaka, akatua kwa kiwiko. Kraa, jezi ikachanika! Akainuka anavuja damu, anacheka.
"Sasa shonea kwenye kitambaa, Mama. Lakini hapa usiguse."
Sikugusa. Nilishonea kwenye kitambaa, kisha sindano nikaificha nisije nikagusa.

Jumamosi, 8 Machi
Fremu imetundikwa. Mzee mmoja wa klabu alikuwa akiwaonyesha wageni kile kiwiko. Hapa ndipo alipozuia penalti, mzee anasema aliona kwa macho yake. Machozi yalimlengalenga. Akinyi alisimama nyuma yake akitafuna sambusa.
Mzee akanigeukia. Je, na mimi nilikuwepo siku ile?
Nikasema ndiyo, nilikuwepo.