Kidole Kimoja cha Hewa

Papa wangu, nisiyekuandikia tangu tukuzike,

Leo nimeichoma mashua yako ndogo. Haikuungua yote, usishtuke, ila chini ya moteri plastiki imevimba, doa la ukubwa wa kidole gumba.

Ni Mama aliyeniomba niitoe kabatini. Jumatatu anapelekwa Kigali kupasuliwa macho. "Nataka niione ikitembea mara moja, kabla madaktari baguse macho yangu," alisema. Kwa miaka mitatu tangu uondoke hakuwahi kuitaja. Ningemkatalia vipi? Nikamwambia Jumapili, yaani kesho, tutashuka naye ziwani.

Unakumbuka ulivyoikata bodi yake kutoka lile pipa la plastiki tulilovuka nalo daraja la Rusizi tuliporudi nyumbani? Uliikunja juu ya jiko, Mama akilalamika unammalizia makaa. Moteri uliitoa kwenye mashine mbovu ya kukatia majani. Ukaiketisha juu ya bati ulilokata kwenye sufuria yake nzuri (hapo hakulalamika, alinuna wiki nzima), ukaliinua bati kwa boliti nne, ukaacha nafasi ya kidole kimoja kati yake na plastiki. Kisha ukanipa kazi yangu: kiganja chini ya bodi, nihesabu hadi kumi.

"Ukishindwa kufika kumi kwa joto, zima moteri mbio."

Nilihesabu upesi upesi ili mchezo usiishe. Ukacheka, ukaniita maman kama ulivyozoea. "Polepole, maman. Mukono ni yako, lakini mashua ni yangu."

Jana nilipoiona ile nafasi, niliogopa. Nilidhani joto litapenya hapo, nikaijaza vitambaa, nikavishindilia kwa bisibisi. Asubuhi nikaiwasha ndani ya beseni uani. Sikufika sita. Harufu ilinijia, nikazima, nikavichomoa. Kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Hapo ndipo nilipokielewa kidole chako. Joto lilikuwa likitokea hapo, nami nikalizibia njia kwa woga wangu mwenyewe. Na pipa kama lile silipati tena, wala mikono kama yako.

Nimeiacha ipoe hadi plastiki ikawa ngumu. Mchana nimejaribu tena, bila vitambaa. Mama akaja akipapasa ukuta, akakaa kando ya beseni, akaweka kiganja chake karibu na changu. Alihesabu kwa sauti, polepole kama wewe. Tulipofika kumi nikautoa mkono wangu. Yeye hakuutoa wake.

"Iko inatetemeka kama zamani," alisema. "Kama kesho sioni muzuri, nitaigusa tu hivi."

Nikaingia ndani nikalia.

Papa, ninaogopa. Nilijidanganya kwamba ni plastiki ninayoihofia. Naogopa kesho iwe mara yake ya mwisho kuiona. Naogopa siku bandeji zitakapofunguliwa, aniulize kama kumekucha, nami nimesimama mbele yake. Wewe ungejua la kumwambia. Mimi ulinifundisha kuhesabu tu.

Basi siku hiyo nitaushika mkono wake, tuhesabu pamoja hadi kumi. Sitaharakisha.

Lala salama, Papa. Kesho mashua nitaifunga kamba.

Binti yako, kiganja bado chekundu