Mume Wangu Hayupo, Mkutano Umekubali

Alhamisi, Segese. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hakuna. Nina hasira na nina hamu ya mtu, vyote kwa pamoja.

Leo ulikuwa mkutano wa kupitisha kaya za kuingia kwenye mpango wa ruzuku. Jina lako likisomwa unasimama, wanakijiji wanasema kama kweli huna kitu. Aibu yake we acha tu.

Likasomwa langu. Mwenyekiti akauliza, "Mama Kulwa, mumeo yupo?"

Swali jepesi, jamani! Baba Kulwa alikimbilia Runzewe waliposema dhahabu imelipuka huko, inaokotwa kwa wingi, na misimu miwili ya mvua imepita. Hatumi hata vocha. Simu haipatikani. Lakini kwa hesabu za mpango, mwanaume mwenye nguvu zake ni kipato, hata kama kipato chenyewe hakijawahi kufika jikoni. Nikisema yupo, Kulwa na Dotto wanakosa sare na unga. Nikisema hayupo, nimeshamwacha.

Nilishindwa. Nikasema, "Atarudi."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Basi akija atakulisha!"

Ndipo mama mkwe akainuka, akakaza kitenge chake. Mama huyu ambaye kila akisikia pikipiki anachungulia mlangoni. Akasema, "Mwanangu hayupo. Andikeni hao watoto."

Mwenyekiti akauliza mkutano kama umekubali. Yakapigwa makofi, tena ya nguvu. Kila kaya hupigiwa, najua, ndiyo utaratibu. Lakini yangu yalinichoma.

Tukaondoka pamoja, mimi na mama mkwe. Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono. "Mayu, mama yangu, usinichukie."

Nimchukie kwa lipi? Amemkana mwanawe mbele za watu ili wajukuu wale. Mimi nisingeweza, na hilo linaniuma pia, maana wanaolala njaa ni wanangu.

Nilimjibu, "Sikuchukii, mama." Kisha tukawasha moto, maisha yakaendelea.

Sasa nimekaa na hii simu aliyoniachia Baba Kulwa, nawaza upuuzi. Akitokea kesho na begi lake mgongoni, nimfiche? Maana watakuja kukagua, na wakimkuta wananiondoa kwenye mpango. Ruzuku hii naihitaji, sitaki kujidanganya. Nimeililia.

Lakini rudi, Baba Kulwa. Rudi hata mikono mitupu.

Waje waniondoe.