Lenzi ya Mbali, Lenzi ya Karibu

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Kamera imefika! Kaka yangu Herménégilde ameituma kutoka Kanada, kwa mkono wa padri aliyekuja kutembelea paruwasi. Imeviringishwa kwenye taulo. Nimefungua taratibu kama mtu anayemfungua mtoto mchanga nguo — na lenzi hakuna. Mwili mtupu, na tundu mbele.

Nimempigia. Anasema lenzi ilimponyoka kwenye ngazi ikapasuka, akaona haya kuniambia. Nitafute hukuhuku.

Miaka minne napiga picha kwa simu, na watu wananiambia, Clémence, una jicho. Sasa jicho lipo, kamera ipo, lakini hakuna kioo.

Jumapili, 29 Septemba

Baada ya misa tumekutana kama kawaida, sisi watano wenye ugonjwa wa picha, nyuma ya kanisa la hapa Rubondo, kambini kwetu Uganda. Venuste alikuwa na studio Bujumbura, kwa hiyo yeye akisema tunanyamaza. Ameishika kamera, ameipuliza vumbi. Nzuri, anasema. Nisihangaikie namba kubwa za matangazo, kamera hii inanitosha miaka kumi. Nihangaikie lenzi. Ya mitumba si vibaya, lakini niimulike na tochi: nikiona nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, niiache hapohapo.

Nikamuuliza, nichukue ipi? Akaniuliza: unataka kusimama wapi?

Sikumwelewa. Prince, mdogo kuliko sote, akaruka: chukua ndefu! Ndefu!

Jumamosi, 5 Oktoba

Mjini Mbarara. Duka la Kabanda liko Nyamityobora, kati ya saluni na muuza magodoro. Lenzi zinazoingia kwenye kamera yangu zilikuwa mbili tu. Ndogo, ya milimita hamsini, inakaa kiganjani kama kitumbua. Haivuti kitu cha mbali kije karibu, lakini inakunywa mwanga, hata ndani ya nyumba isiyo na umeme picha inatoka. Na ndefu, sabini mpaka mia tatu, nzito kama chupa ya mafuta ya kupikia. Nimezimulika zote mbili. Safi.

"Nyabo, hii kubwa iko na nguvu," Kabanda akasema (nyabo, kwa lugha ya huku, ni mama). "Navuta mpaka ile kilima. Hii ndogo hapana vuta. Wewe mwenyewe natembea."

Nilisimama mlangoni na ile ndefu. Ng'ambo ya barabara mwanamume alikuwa anachokonoa meno. Nikamwona mpaka kovu la kidevuni. Hakujua!

Sijawahi kuwa mtu wa kuwasogelea watu. Darasani sawa, pale mimi ni mwalimu. Nje natafuta ukuta wa kuegemea. Nimechukua ndefu. Kabanda kasema kama sitaipenda nirudi ndani ya wiki mbili, atanibadilishia.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, shule imefungwa. Asubuhi ziwani. Kulastara kwenye matete, kila unyoya! Mvuvi kaniuliza napiga nini, nikasema ndege, akacheka.

Jioni, narudi kwa njia ya juu nyuma ya nyumba zetu. Nikainua kamera tu, kujaribu mwanga. Nikamwona Mama Divine, jirani yangu — Annonciata, Mkongo wa Fizi, anayeuza ndagala, wale dagaa. Amekaa nyuma ya jiko lake juu ya beseni lililopinduliwa, kitambaa cha kichwa mkononi, kichwa wazi. Analia. Bila sauti, au mimi niliyekuwa mbali sikusikia. Jua liko shavuni kwake upande mmoja.

Nilibonyeza mara sita.

Ya nne ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimewaonyesha wenzangu. Wote walipiga kelele kwa pamoja. Fébronie aliziba mdomo kwa mkono. Venuste aliangalia muda mrefu, akasema mwanga umekaa vizuri, akanirudishia. Prince ameomba niitume kwenye grupu ya WhatsApp ya sisi watano. Nimeituma. Nilikuwa na furaha, niseme nini?

Jumatatu, 14 Oktoba

Kumbe Prince aliiweka kwenye status yake. Ndani ya nusu siku imezunguka kijiji chote.

Saa kumi na moja jioni Mama Divine amekuja. Hakubisha hodi. Amesimama mlangoni, simu ya binti yake mkononi.

"Mwalimu. Ulikuwa fasi gani?"

Nikamwonyesha njia ya juu. Akageuka akaipima kwa macho.

"Kule? Na unanifikia mpaka mu machozi?"

Nikaanza kusema habari za lenzi. Ujinga gani huo! Akaniacha nimalize.

Ndipo akanieleza. Ile Jumatano alipigiwa simu kutoka Fizi: dada yake mkubwa, aliyemlea, amefariki. Hakumwambia mtu. Binti yake Divine yuko kwenye mitihani ya mwisho ya sekondari, na mama alitaka kusubiri mpaka Divine amalize. Kwa hiyo alikwenda kulia nyuma ya jiko. Jana usiku Divine ameiona picha kwenye simu: mama, unalia nini? Akashindwa kudanganya.

"Batoto bangu bamejua kifo kupitia foto yako. Leo Divine ameenda kuandika hesabu na macho ya kuvimba."

Nikasema nisamehe. Akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambako kuja ni kukuya:

"Bageni banakuyaka hapa na makamera mingi. Banatupiga. Lakini bale tunabaona. Wewe, sikukuona."

Nimezifuta zote sita mbele yake. Akahesabu kila nilipobonyeza. Akaenda bila kwaheri.

Jumatano, 16 Oktoba

Prince ameifuta picha kwenye simu yake. Ameomba radhi, karibu alie. Nikamwambia mimi ndiye niliyempa.

Jambo moja sijamwambia mtu. Nikifumba macho bado naiona ile ya nne, na bado naiona nzuri.

Wakati wa kuandikishwa kuwa wakimbizi, tulipofika Uganda, walituweka mbele ya kamera mmojammoja. Angalia hapa. Usicheke. Nilijiapia siku ile kwamba sitapenda tena kuangaliwa. Labda ndiyo maana nilipenda kuangalia kutoka mbali. Labda natafuta udhuru tu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili. Nimerudi kwa Kabanda. Alishangaa.

"Imeharibika?"

"Hapana. Ni nzima kabisa."

"Sasa shida gani, nyabo? Watu wote nataka hii!"

Nikasema inafika mbali kuliko mimi. Hakuelewa, lakini amenibadilishia na ile ndogo, akaongeza na kifuniko cha bei ya chini kama zawadi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Divine na sukari, kutoa pole kama nilivyopaswa tangu mwanzo. Alikuwa anachambua ndagala. Nikakaa, nikachambua naye. Tuliongea juu ya dada yake, Mama Kalume, jinsi alivyoimba akipalilia.

Nikamwonyesha lenzi mpya. Nikasema na hii lazima nisimame pale, kwenye mafiga, na utaniona. Kama hutaki, basi, sipigi.

Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Leta."

Akainua mpaka jichoni. Akaniangalia. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Ya kufinya ni fasi gani?"

Nikamwonyesha. Hakubonyeza. Akaishusha, akaiweka mapajani.

"Iache hapa."

"Mpaka lini?"

"Iache."

Nimeiacha.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku mbili bila kamera. Fébronie anasema nimechanganyikiwa, kitu kile Mama Divine atakiuza sokoni. Sidhani. Lakini leo nikianika nguo nyuma ya nyumba nimegeuka mara tatu kutazama njia ya juu. Mara ya tatu niliacha kuanika, nikaingia ndani.

Divine amepita kwenda kwenye mtihani. Amenisalimu, shingo upande. Hesabu zilikwendaje, sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimetoka shule nimekuta Mama Divine kwenye ua wangu, kamera shingoni. Amejifunga kitambaa cha msiba. Sijui alinisubiri tangu saa ngapi.

"Mwalimu, ningekupiga ukikuya mu njia. Sikufanya. Ingia uvae unachopenda wewe. Ukiwa tayari, uniambie."

Naandika haya kitandani, nguo zote ziko chini. Blauzi ya buluu inanifanya mwalimu. Ile ya maua nilipewa kwenye foleni ya msaada. Kitenge cha mama yangu sijakivaa tangu tuvuke mpaka. Na nywele — nifunge au niache?

Namtupia jicho dirishani. Amekaa kwenye kigoda, anafuta kioo kwa pindo la nguo yake. Si hivyo kinavyofutwa. Namwacha.

"Mwalimu?" anaita, pole pole. "Uko tayari?"

Nimejibu bado. Kitenge kiko mkononi. Ameniambia nisiharakishe, yeye yuko, ananisubiri.