Sombe ya Sura ya Saba

Mama Geneviève mpendwa, nakuandikia nikiwa nimeshusha pumzi, maana jambo lenyewe karibu limekwisha, lakini kuna kipande kimebaki rohoni, naomba unisaidie kabla sijafanya upumbavu mwingine.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bunia na ninaandika riwaya za upelelezi, ndiyo, mimi, kwenye kaye, madaftari ya shule, asubuhi watoto wakishaenda darasani, na wanawake wa kwaya yetu huzisoma kwa kupokezana na kugombana nani ni muuaji. Mama mkwe wangu, Mama Jeanine, mwalimu mstaafu kutoka Boga, alikuja kukaa nasi mwaka jana, na tangu siku ya kwanza mezani alipangusa kwa pindo la kitenge chake sahani niliyokwisha kuiosha, ikawa ni kila siku, mbele ya watoto, kisha anasema, "Kwetu hatupikake sombe hivi." Sikumjibu hata mara moja, Mama, ila nilikwenda kwenye kaye nikaumba mama mkwe mwenye kitenge na mdomo, na katika sura ya saba nikamuua, kwa sumu ndani ya sombe, mboga ile ile ya majani ya muhogo. Na kwa kuwa naomba msaada, lazima niseme ukweli: siku ile nilifurahi, nilifua nguo nikiimba.

Kabla ya kuandika mimi hupanga sura kwenye karatasi, na ile niliisahau mezani: "Jumatano. Mama mukwe. Sombe. Asionje mutu mwingine." Noëlla, dada wa mume wangu, alikuja kutusalimia, akaisoma, akampa mama yake. Hawakuniuliza kitu. Tangu hapo Mama Jeanine akawa anakula vitu vyenye ganda tu, ndizi mbivu, karanga, mayai aliyochemsha mwenyewe akisimamia sufuria, nami mjinga nikadhani ni tumbo, nikamletea dawa, akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. Wiki mbili baadaye mume wangu Xavier aliniita, akanionyesha karatasi na kusema ukoo utakutana Jumamosi kuamua kama naweza kubaki katika nyumba ile. Nilicheka, Mama, na kucheka kule ndiko kulikoniharibia, maana Xavier alirudi nyuma hatua mbili.

Nilikimbia nikaleta kaye zote sita, nikaziweka miguuni pa Mama Jeanine. Akavaa miwani, akachukua biki nyekundu, akasoma siku tatu. Jumamosi ukoo ulipojaa sebuleni, alisimama.

"Murudie kwenu. Huyu mutoto anaandikaka kitabu. Kosa yake ni ya ortografe tu, ya herufi."

Kisha akaomba sahani ya sombe, akala mbele yao wote, akaomba tena. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa tunaishi vizuri, Noëlla ameomba msamaha na anadai sura ya nane. Lakini Mama Jeanine anaamini yule wa kitabuni ni mtu wa kubuni tu. Amenisahihisha kama mwalimu. Penye kifo ameandika pembeni, "Sombe hapana, watu watasema nini juu ya sombe yetu? Tafuta kitu ingine," na pale mwanamke anapopangusa sahani ameandika, "Ni na mukono ya kushoto." Ananiita mtoto wake, nami najua nilimuua kwa moyo wangu wote. Nimwambie, au ninyamaze nisije nikavunja amani?

Mama Aimée, Bunia

*

Mama Aimée, pole sana, na aibu kwako pia. Karatasi kama ile inaachwa mezani, nyumba ina wageni? Na mwenzako anakula karanga wiki mbili, wewe unamletea dawa!

Halafu unajiita mwandishi wa upelelezi. Hebu soma tena barua yako mwenyewe. Yule mwanamke, kama ni wa kubuni, ulimbuni wewe, na mkono wake hukuutaja. Mama Jeanine ameujuaje? Ameujua kwa sababu ni wake. Alijiona humo, akaona jinsi unavyomwona, akakaa na maumivu hayo siku tatu, kisha akasimama mbele ya ukoo mzima akakutetea. Ushahidi uko kwa wino mwekundu, na mpelelezi yuko jikoni analia.

Kwa hiyo usiende kumwangukia miguuni na hotuba ndefu. Amekwisha kukusamehe, usimlazimishe kuanza upya. Lakini usinyamaze pia, kwa maana kunyamaza ndiko kulikokufikisha kwenye sumu. Siku nyingine akikuudhi, mwambie siku hiyo hiyo, kwa adabu, "Mama, ile inaniumiza." Kaye ibaki ya hadithi.

Sura ya saba iandike upya. Sombe iondoe kama alivyosema, mkono wa kushoto uweke.

Hukuniambia kama bado anapangusa sahani. Najua bado. Basi kesho pika, keti karibu naye, na kabla hajashika pindo la kitenge chake, mpe la kwako. Atakuangalia. Wewe sema tu, "Mama, ulisema kweli. Ni mukono ya kushoto."

Ataelewa. Muanze kula, sombe isipoe.