Barua ya Babu yake Sunanda

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku ughaibuni Fittja baridi inauma masikio, lakini mimi nimeumwa na wivu. Jirani yetu Mhindi, Sunanda, amenionyesha barua ya babu yake ya Kimarathi, kwa mwandiko wa zamani uitwao Modi. Babu huyo alichora kwanza mstari kukata ukurasa mzima, kisha akaning'iniza herufi bila kuinua kalamu. Mwandiko huo shuleni waliacha kuufundisha zamani. Sunanda kajifunza ukubwani, anaisoma barua huku anacheka peke yake!

Akaniuliza, "Na nyinyi mna barua za wazee?"

Nikamjibu hatuna.

Wabusu watoto, dada yangu. Halafu zitoe barua za Bibi za herufi za Kiarabu, zile tulizoshindwa kuzisoma tukazitandika kabatini chini ya vikombe.

Mdogo wako,
Salma