Manju wa Mimoso

Rio de Janeiro, 9 Septemba 1951

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua hakikubani, na mikono haijachubuliwa sana na lami ya boti. Mimi ni mzima ila nimekonda, maana unga wa muhogo wa huku ni vumbi tu.

Safari ilichukua siku kumi na tisa. Nimepata kazi kwa mjane mmoja anayeshona nguo za harusi, nalala chumba chake cha nyuma. Jumapili iliyopita nilikwenda redioni, kwenye kipindi cha waimbaji wanaojaribu bahati. Ukiimba vibaya wanapiga kengele, unashuka.

Mtangazaji akaniuliza, "Dada, umetoka wapi?"

"Vila Saracura, kisiwani, mto Amazoni."

"Utatuimbia nini?"

"Wimbo wa fahali."

"Na fahali mwenyewe kakulipa?"

Watu wakacheka. Nikaimba ule wa kumwita Mimoso atoke zizini. Kengele haikulia. Wameniambia nirudi Jumapili ijayo.

Baba, sikuondoka kwa hasira. Uliniambia mbele ya wapiga ngoma wote kwamba fahali haongozwi na sauti ya mwanamke. Sikukujibu, kwa kuwa wewe ni baba, na wewe ndiye unayecheza ndani ya Mimoso, fahali wetu wa mbao na kitambaa. Lakini jua kwamba kila nitakapoimba huku nitakuwa najifunza kuimba huko. Siku moja nitakuwa manju wa Mimoso.

Mwanao,
Lindaura


Vila Saracura, 2 Desemba 1951

Mwanangu Lindaura,

Mungu akubariki. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, na boti za kukalafati, za kuzibwa nyufa, zimejaa ufukweni mpaka nachagua.

Tulikusikia. Redio ya duka la dawa iliwekwa dirishani, mtaa mzima ukakaa chini barabarani. Sauti ilikuja na kupotea, tukapata nusu ya wimbo. Mwenyekiti wetu Abelardo akaniuliza, "Ezequias, huyo ni wako kweli?" Nikamwambia ni wa mama yake, Mungu amrehemu, mimi nilichangia pua tu. Akapita Herminio kinyozi, yule wa Upande wa Pili, akasema, "Kumbe kwenu kuna sauti! Mmeipeleka Rio ili sisi tusiisikie?" Mtu ambaye jina la fahali wake halitamkwi nyumbani kwangu hana la kuniuliza.

Nakutumia kwa nahodha wa meli mfuko wa unga wa muhogo, ule wa njano wenye chembe nene.

Habari ya umanju isahau. Wimbo wa fahali huanzishwa na mwanamume tangu enzi za babu yangu. Si mimi niliyeweka utaratibu huo. Mimi ni utumbo wa Mimoso, kama wanavyotuita tunaocheza ndani, na utumbo hauna mdomo.

Baba yako,
Ezequias


Rio de Janeiro, 14 Machi 1956

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Hali yako? Bado unapanda juu ya boti peke yako, au umetafuta wa kukusaidia? Mimi ni mzima kupita kiasi, hata usingizi sipati kwa furaha.

Ndani ya kifurushi hiki mna santuri yangu. Si ile ya wimbo mmoja mmoja. Ni ndefu, ina nyimbo nane, na wimbo wa tano ni wetu, wa Mimoso. Jalada lina picha yangu ya rangi. Mpiga picha alinisimamisha saa tatu nzima, wakanivika gauni la hariri mpaka mjane wangu akalia, akasema angekuwa na binti angemshonea lile.

Sasa nina mkataba wa redio, na mwezi ujao naingia kwenye sinema, nitaimba nikiwa juu ya ngazi. Mwambie mwenye duka la dawa aipige santuri kwa sauti ya juu. Safari hii hamtapata nusu.

Mwanao,
Lindaura


Vila Saracura, 3 Julai 1956

Lindaura,

Mungu akubariki. Baraka ni yake, siwezi kukunyima.

Buluu. Toka shingoni mpaka vidoleni. Hata utepe wa nywele, buluu.

Unajua vizuri kwamba hapa mke wa mtu wa Mimoso hanunui hata ndoo ya rangi ile. Unajua kwamba mimi, mwaka nilipougua, nilikataa shuka la hospitali mpaka wakaniletea jeupe. Halafu wewe, binti wa utumbo wa Mimoso, unajipaka rangi ya Upande wa Pili mbele ya nchi nzima!

Meli ilishusha santuri zako themanini. Upande wa Pili walizinunua zote kabla ya saa sita mchana. Herminio amekubandika juu ya kioo chake, kila anayenyolewa anakutazama. Nikipita anatoka na wembe mkononi: "Ezequias, njoo umsalimie mwanao! Huku kwetu amependeza!" Siku ya kushindana kwa mafahali walikuja kutupokea na majalada yako juu ya fito. Nilikuwa ndani ya Mimoso. Nikachungulia kwenye tundu la shingo, nikaona picha arobaini za mwanangu zinanijia, zote buluu. Miguu ilikosa hatua. Tumeshindwa mwaka huu, na watu wangu hawakuniuliza kwa nini.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kisiwa hiki ni zizi. Jalada nimelitia motoni. Sahani ya santuri sikuivunja.

Nimeapa mbele ya ngoma kwamba sitasema nawe tena. Hii ni barua, si kusema, lakini nayo ni ya mwisho.

Baba yako


Rio de Janeiro, 20 Agosti 1956

Baba,

Naomba baraka yako, na naomba Mungu akuweke.

Ningeweza kukuambia kwamba gauni lilichaguliwa na mpiga picha, na ni kweli alilichagua yeye. Lakini aliniuliza, "Rangi hii unaipenda?" nami nikajibu ndiyo. Baba, sikukumbuka. Miaka mitano huku, rangi imekuwa rangi tu. Hilo ndilo kosa, na ni langu.

Nitakuandikia kila Juni, ujibu usijibu.

Mwanao,
Lindaura


Rio de Janeiro, 11 Januari 1977

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Nimesikia kwa nahodha kwamba u mzima, na kwamba ukiwa na miaka sitini na saba bado unacheza ndani ya Mimoso. Nimefurahi na nimeogopa. Mimi presha inapanda kidogo, mengine ni uzee unaobisha hodi mapema.

Nimekuandikia Juni ishirini bila jibu, na sikulalamika. Hii si ya Juni, kwa hiyo vumilia ikiwa ndefu.

Kwenye barua zile nilikueleza mazuri tu. Yaliyobaki ni haya. Mwaka 1959 nilivikwa taji la malkia wa redio, na miaka mitatu baadaye hakuna redio iliyonitaka. Walikuja vijana na magitaa yao, wanaimba kama mtu anayenong'ona asimwamshe mtoto, na sauti kubwa kama yangu ikaonekana ushamba. Miaka saba nimeimba kwenye sarakasi, baada ya mbwa wanaoruka moto. Nilisoma vitabu vingi sana miaka ile, maana mbwa walikuwa na zamu ndefu. Kisha mwaka 1971 nikatunga jikoni wimbo wa mwanamke anayesubiri maji ya mto yapungue ili aone kama nyumba yake ipo, na nchi nzima ikauimba. Mwaka jana Recife walikuja watu elfu arobaini. Nimeimba Lisbon. Nina santuri kumi na tisa, na baada ya ile ya kwanza hakuna hata moja yenye rangi ile.

Sasa sikiliza. Herminio ameniandikia. Nanakili: "Dada Lindaura, kwetu mwanamke akiweza, ameweza. Juni hii uwe manju wetu. Baba yako usimjali, tutamwekea kiti mbele."

Sijamjibu. Daktari wa koo ananiambia nina miaka michache ya sauti ya juu, baada ya hapo nitaimba chini. Nimeimba kila mahali isipokuwa pale nilipojifunzia. Nakuuliza wewe: nifanye nini?

Mwanao,
Lindaura


Vila Saracura, 2 Februari 1977

Lindaura,

Mungu akubariki.

Usithubutu.

Baba yako


Rio de Janeiro, 21 Februari 1977

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Mimi ni mzima. Neno lako moja limenishusha presha kuliko vidonge.

Nimemwandikia Herminio, nimekataa kwa heshima. Lakini Baba, huwezi kunikataza mlango wa jirani huku umefunga wa kwetu. Ufungue, au unyamaze tena.

Mwanao,
Lindaura


Vila Saracura, 17 Aprili 1977

Mwanangu,

Mungu akubariki. Kifua kinabana kidogo, magoti yanabana zaidi.

Nilipeleka jambo lako mkutanoni. Nikasimama, nikasema mwaka huu nataka binti yangu ajaribiwe umanju. Kisha mpiga ngoma mmoja akauliza, "Mzee Ezequias, si wewe uliyetuambia fahali haongozwi na sauti ya mwanamke?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Sasa fahali amebadilika?"

"Fahali yuleyule. Utumbo ndio umezeeka, unasaga chakula ambacho zamani haukukiweza."

Walicheka, na mtu akikucheka hapa ujue ameshaanza kukubali. Abelardo bado alikunja uso. Akasema, "Yeye ni mtu wa televisheni, atataka maua chumbani." Nikamwambia kwamba huyu aliimba baada ya mbwa miaka saba, haogopi kuimba baada yako.

Wameamua hivi. Uje Mei. Utajaribiwa uani pamoja na wanaume watatu, bila kipaza sauti. Kila mmoja ataanzisha wimbo peke yake, wapiga ngoma wamekaa mikono magotini. Wakiona sauti inawavuta, wanaingia. Ubeti wa kwanza ukiisha na ngoma hazijaingia, umeshindwa, urudi kwenye taji lako. Hakuna atakayekuhurumia, na wawili kati ya wapiga ngoma ni wajomba wa mmoja wa wale wanaume.

Mimi nimewaambia kwamba huu ni mwaka wangu wa mwisho ndani ya Mimoso.

Baba yako


Vila Saracura, 12 Julai 1977

Mwanangu Lindaura,

Mungu akubariki, na akubariki tena. Natumaini umefika salama Belém na watu wa onyesho lako hawakukasirika kwa siku ulizochelewa. Mimi nimelala siku tatu kwa magoti, leo nimekaa.

Kwa kuwa uliondoka kabla matokeo hayajabandikwa, nianze na hayo. Tumeshinda kwa pointi mbili. Hata waliokaukiwa sauti bado wanapiga kelele.

Mei, uliposhuka gatini ukaomba baraka, niliinua mkono tu. Ulidhani nashikilia kiapo. Sikushikilia chochote, nilikuwa sijui nianzie wapi. Uani pia nilisimama nyuma ya ukuta. Yule kijana wa kwanza, ngoma ziliingia kwenye mstari wa nne. Wa pili, hazikuingia kabisa. Wa tatu, kwenye mstari wa tatu, na wajomba ndio waliokuwa wa kwanza. Wewe ulianza chini, kama mtu anayemwita mnyama asimshtue, nikasema moyoni, ameharibu, hawatamsikia. Hukumaliza mstari wa kwanza. Waliingia wote, na wajomba wale nao wakaingia, mmoja akilaumu mikono yake kwa sauti: "Nani amewaambia? Nani amewaambia?"

Sasa ya uwanjani, maana wewe ulikuwa unaimba na hukuweza kuona. Sheria ya kunyamaza haijawahi kuvunjwa tangu majukwaa yajengwe. Wakicheza wao, sisi hatukohoi. Tukicheza sisi, wao wanakaa kama kanisani. Atakayetoa sauti, upande wake unakatwa pointi. Ulipoanzisha wimbo wa pili, nilichungulia kwenye tundu la shingo nikaona jukwaa lao limekaa mikono kifuani, maelfu ya watu, kimya. Ulipopanda ile sauti ya juu na kuishikilia, nikamwona mzee mmoja anasimama. Herminio. Amekuwa mnene, nilimtambua kwa upara. Akapaza sauti, "Mwanamke, imba!" Wenzake wakamvuta shati, "Keti, mpumbavu, tunakatwa!" Yeye anasema, "Wakate! Wakate!" Na waliokuwa wanamvuta wakasimama wenyewe.

Pointi mbili. Kelele yao ndiyo iliyotupa ushindi. Watu wangu wanasema ni aibu kushinda hivyo. Mimi nasema hapajawahi kuwa na ushindi kama huo, mtu amelipa kwa fahali wake ili akusikie.

Nilisimama pale, na Mimoso akasimama. Miaka yangu yote ndani yake hakuwahi kusimama katikati ya wimbo. Mwamuzi mmoja kutoka Manaus ameandika kwenye karatasi yake: "Fahali alisikiliza, ubunifu mkubwa." Abelardo amenipongeza. Ndani ya fahali mikono yote miwili imeshika mbao, macho huwezi kuyafuta.

Ukija tena, nitasema nawe. Nimeanza kujizoeza, chini ya boti, nikiwa peke yangu.

Jana Abelardo alibandika ubaoni karatasi ya wanaotaka umanju wa mwakani. Mpaka jioni hakuna mwanamume aliyejiandikisha. Kuna jina moja tu, lako. Si mimi niliyeliandika. Mimi niliishika tu karatasi isipeperuke, wapiga ngoma wakiandika.

Baba yako,
Ezequias